Director's Cut ya Kate Bush: nyimbo zile zile, sauti iliyoshuka

Mara ya kwanza kusikiliza Director's Cut nilizima kabla wimbo wa tatu haujaisha. Na si kwamba simpendi Kate Bush, mwimbaji huyu wa Uingereza. Nilimjua kabla sijaelewa maneno anayoimba, kupitia kaseti ya The Sensual World ya dada yangu, kaseti iliyochezwa mpaka maandishi ya ubavuni yakafutika. Nyimbo zile nilizijua pumzi kwa pumzi. Sasa huyu hapa mwenyewe anaziimba tena, lakini pale sauti ilipokuwa ikipaa, haipai. Ngoma si zile. Pumzi zimehama. Nilikuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani, mguu unatafuta daraja lililokuwepo siku zote na haulipati.

Niliiweka kando kwa miaka. Leo ndiyo albamu yake ninayoisikiliza kuliko zote, na nitaeleza kilichonirudisha.

Kwanza yenyewe ni nini, kwa ambaye hajaigusa. Ilitoka Mei 2011, Bush akiwa na miaka 52. Ina nyimbo 11, na hakuna hata mmoja mpya: nne zimetoka kwenye The Sensual World ya 1989, saba kwenye The Red Shoes ya 1993. Sauti yake ya mbele ameirekodi upya katika zote. Ngoma nazo ni mpya, zimepigwa na Steve Gadd. Vyombo vingine vingi vya zamani vimebaki vilevile kwenye rekodi, kwa hiyo unasikia vidole vya mwaka 1989 vikimsindikiza mwanamke wa 2011. Nyimbo tatu hakuzikarabati bali alizijenga tena kuanzia msingi: This Woman's Work, Moments of Pleasure na Rubberband Girl.

Watu wengi siku hizi wakisikia mwimbaji amerekodi upya albamu zake humfikiria Taylor Swift, aliyeanza kutoa matoleo yake mwaka 2021 ili amiliki rekodi za nyimbo zake. Swift alijitahidi toleo jipya lifanane na la kwanza kwa karibu sana, na ndiyo maana halisi ya kazi ile. Bush anatafuta kitu kingine kabisa. Hakuridhishwa na jinsi nyimbo zile zilivyosikika, hasa za The Red Shoes, ambayo ilirekodiwa kwa mitambo ya kidijitali ya wakati ule na ina ukali fulani unaochoma sikio. Wala haikuwa mara yake ya kwanza kujirudia. Wuthering Heights aliutoa mwaka 1978 akiwa na miaka 19, na mwaka 1986 akauimba upya kwa ajili ya mkusanyiko wa The Whole Story, kwa sababu ile sauti ya kisichana haikuwa tena yake.

Mimi ninayo ile seti ya diski tatu, yenye Director's Cut pamoja na zile albamu mbili zilikotoka nyimbo hizi. Kama unaweza kuipata, chukua hiyo. The Red Shoes iliyomo humo imepitishwa kwenye tepu za analogi, na tofauti haihitaji mashine ya gharama kuisikia: besi imepata mwili, na matoazi hayakwaruzi tena. Kubwa zaidi, unaweza kusikiliza jozi kwa jozi, wa zamani kisha mpya, na hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi hii.

Kilichonirudisha ni kwaya. Niliimba sauti ya kwanza tangu nikiwa msichana, na nilijivunia. Ikafika siku mwalimu akanivuta pembeni baada ya mazoezi, akaniambia kwa upole kwamba kuanzia wiki inayofuata nitasimama na sauti ya pili. Hakukosea. Nilikuwa nikizifikia noti za juu kwa kuzisukuma, na wenzangu walikuwa wakinisitiri. Lakini nilirudi nyumbani nikalia kama niliyefiwa. Usiku ule nilitaka kumsikia mwanamke ambaye hilo limempata, nikaikumbuka diski niliyoikimbia. Nikaruka moja kwa moja hadi wimbo wa 6.

This Woman's Work uliandikwa kwa ajili ya filamu ya She's Having a Baby ya mwaka 1988, kwenye sehemu ambayo mume anasubiri hospitali huku mkewe yuko katika hatari ya uzazi. Anayesema ndani ya wimbo ni yule mwanamume, na majuto yake yote ya mambo ambayo hakusema wala hakufanya. Toleo la zamani lina kama dakika tatu na nusu na linakushika koo tangu mwanzo: sauti inapanda, inapasuka, inaomba. Toleo jipya linachukua dakika sita na nusu. Kinanda cha umeme chenye mlio wa kengele za mbali kinagonga noti chache, kinaacha nafasi, kinagonga tena. Sauti iko chini na karibu, na haiharakishi kufika popote. Yule wa 1989 analia mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Huyu wa 2011 amekaa kwenye benchi la korido, saa zimepita, machozi yamekauka, na anaongea na hewa. Anayejua kusubiri hospitali anajua kwamba sehemu kubwa ya kusubiri ndiyo hiyo ya pili.

Sikulala mapema usiku huo. Sikuwahi kufikiri kwamba kushuka kwa sauti kunaweza kumpa mtu mahali pa kusimama ambapo hakuweza kufika akiwa juu.

Ukiuacha uendelee, unaofuata ni Moments of Pleasure, na kwangu huu ndio kilele cha albamu nzima. Wimbo huu ni wa kuwakumbuka watu. Katika toleo la 1993 anawaita marafiki waliokwisha kufa, akiwemo Bill Duffield, fundi wa taa aliyefariki kwa ajali wakati wa ziara yake ya 1979. Humo pia mama yake anasikika akitoa methali yake, ya soksi kuukuu kukutana na kiatu kikuukuu. Mama yake alifariki mwaka 1992, kabla albamu haijatoka. Toleo lile lilipambwa na okestra iliyopangwa na Michael Kamen, fidla zikijaa kama maji ya bamvua, na kiitikio kikitamka waziwazi kwamba kuwa hai kunauma.

Katika toleo jipya okestra imeondoka. Kumebaki piano na yeye. Na pale panapofika kiitikio, hakuna maneno kabisa. Kwaya inavumisha wimbo midomo ikiwa imefumbwa.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu mtu asiyeimba anaweza kudhani kuvumisha ni kazi ndogo. Sisi wa sauti ya pili ndiyo kazi yetu nusu ya muda: wengine wanabeba maneno, sisi tunashika sauti chini yao ili wasianguke. Unajifunza kupumua kwa zamu na jirani yako ili mlio usikatike. Unajifunza kutojisikia. Sasa Bush ameichukua sehemu yenye maneno mazito kuliko yote katika wimbo wake, akayafuta, akawapa wavumishaji. Uchungu haukupungua. Ulikuwa umeelezwa, sasa umebaki bila maelezo, na msikilizaji anayeijua ya zamani anayasikia yale maneno kichwani mwake mwenyewe huku kwaya ikipita. Mara ya kwanza nilipolitambua hilo ilibidi nisimamishe diski.

Tangu hapo nimeisikiliza albamu yote kwa jicho hilo, na hukumu yangu haijabadilika: alipopunguza, alishinda, na alipoongeza, mara nyingi alikwama.

Chukua wimbo wa kwanza, Flower of the Mountain. Hadithi yake ni tamu. Mwaka 1989 alitaka kuimba maneno ya Molly Bloom, mhusika wa riwaya ya Ulysses ya James Joyce, yale ya mwisho wa kitabu, na wasimamizi wa haki za Joyce wakamkatalia. Akaandika maneno yake mwenyewe, ambamo Molly anatoka kwenye kurasa za kitabu na kuingia katika dunia ya kushikika, na ndio ukawa The Sensual World. Miaka 22 baadaye akaomba tena, akakubaliwa, akayaweka maneno ya Joyce juu ya muziki uleule, na zumari ya mfuko ya Kiayalandi ikaendelea kulia pale pale. Nafurahi kwa ajili yake kwamba alipata alichokitaka. Lakini naupenda zaidi wa zamani. Kunyimwa kule kulimlazimisha kubuni, na wazo la mwanamke anayeruka kutoka kwenye karatasi ni zuri kuliko kusomewa karatasi yenyewe, hata kama karatasi ni ya Joyce. Maneno ya kitabu pia hayakushonwa kwa vipimo vya wimbo, na kuna sehemu unamsikia akiyabana yaenee.

Deeper Understanding ndio unaonisumbua zaidi. Ni kuhusu mtu mpweke anayefanya kompyuta kuwa rafiki yake, na aliuandika katika miaka ya themanini, kabla watu wa kawaida hawajawa na intaneti majumbani. Zamani kompyuta ilipojibu, uliwasikia wanawake watatu wa Trio Bulgarka kutoka Bulgaria, ungedhani malaika wamejificha kwenye waya. Sasa kompyuta inajibu kwa sauti ya Albert, mwanawe, iliyopitishwa kwenye programu ya kupinda sauti. Wazo linatisha kwa namna inayofaa: kitu kinachokupokonya watu wako kinasema kwa sauti ya mtoto wa nyumbani. Ila ule mwisho unarefushwa mno, na mimi nawakosa wale wanawake. Kompyuta yenye sauti ya malaika ilieleza vizuri zaidi kwa nini mtu angeacha kula na kulala kwa ajili yake.

Kwenye Lily na Top of the City huhitaji kujiuliza maswali mengi. Ngoma za Gadd zimezipa uti wa mgongo, na Bush anaimba kwa kifua badala ya kichwa. Katika Lily anafikia hatua ya kunguruma, na nikiwa jikoni huwa nanguruma naye. Aliporudi jukwaani London mwaka 2014, kwa maonyesho 22, wimbo alioufungulia ulikuwa huo Lily. Nadhani hilo linatosha kuonyesha anavyouthamini.

And So Is Love una badiliko la neno moja tu ambalo wengi hulipita. Mwaka 1993 aliimba kwamba maisha ni ya huzuni, na mapenzi vilevile. Mwaka 2011 maisha yamekuwa matamu, na mapenzi vilevile. Gitaa la Eric Clapton chini yake bado linaomboleza kama mwanzo, halikuambiwa kuwa habari zimebadilika. Kwa sababu hiyo ule utamu nauamini.

Song of Solomon na Never Be Mine ni nzuri bila kunishangaza. Wimbo wenye jina la The Red Shoes umechangamka zaidi kuliko ulivyokuwa.

Rubberband Girl siuwezi. Amezirundika gitaa za roki za kizamani, sauti amezisukuma nyuma kana kwamba anaimba na mkono mdomoni, na ule mchezo wa mpira kuvutika na kurudi, ambao ndio uliokuwa roho ya wimbo, umepotea. Kati ya zile tatu zilizojengwa upya, huu ndio pekee uliojengwa kwa kuongeza. Kuuweka mwisho wa albamu ni kosa. Baada ya kubebwa kwa upole muda wote huo, unashushwa kwenye kokoto. Mimi husimamisha baada ya wa 10.

Nani aichukue? Ukiwa ndiyo kwanza unaanza kumsikiliza Kate Bush, usianzie hapa. Anza na zile za zamani, uzizoee mpaka uzikariri, kisha uje. Nusu ya uzito wa albamu hii iko kwenye kumbukumbu ya msikilizaji, na asiye na kumbukumbu hiyo atasikia nyimbo nzuri za polepole basi. Ukiwa shabiki wa miaka mingi na uliwahi kuizima kwa hasira kama mimi, jaribu tena, usiku, kwa hedifoni, wa 6 na wa 7 tu. Sauti ya kuchezea isiwe juu, kwani kuna vitu vidogo kwenye vile vituo kati ya noti ambavyo ukipandisha sauti vinapotea.

Mwezi uliopita dada yangu alikuja kunitembelea, yule mwenye kaseti. Nilimwekea Moments of Pleasure bila kumwambia ni toleo gani. Mwanzoni alitabasamu na kuimba pamoja. Kiitikio kilipofika alifungua mdomo kutamka maneno, akasikia hayapo, akaufumba, na akaanza kuvumisha. Mimi nikashika sauti ya pili.