Findmnt: ukitaka kujua diski imemauntiwa wapi, anzia hapa

Watu wengi wa Linux wakitaka kujua diski imemauntiwa (imeunganishwa) kwenye folda ipi bado wanaandika amri ya mount tupu, halafu wanamwagiwa mistari kibao ya faili sistemu za mfumo wenyewe na za kontena, kama cgroup, tmpfs na overlay, diski unayoitafuta imejificha humo katikati. Jamani amri ya findmnt ipo, inakuja na util-linux (kifurushi cha amri za msingi za Linux), karibu kila distro inayo tayari.

Ninachoipendea ni kwamba inasoma kwa keneli (kiini cha Linux) yenyewe, faili la /proc/self/mountinfo ambalo lipo tangu Linux 2.6.26. Zamani tulikuwa na /etc/mtab, na lile lilikuwa faili la kawaida tu linaloandikwa na mount, seva ikizimika ghafla linabaki na habari za uongo. Mountinfo inatoka kwa keneli moja kwa moja, tena inakupa namba ya kila maunti na ya mzazi wake, ndo maana findmnt inachora mti mzuri, na maunti za bind (folda moja kuonyeshwa pia mahali pengine) unaziona wazi kabisa, kitu kama /dev/sda1[/data/picha], wakati /proc/mounts inakuandikia /dev/sda1 basi.

Ninayoitumia sana ni findmnt -T /var/lib/docker, inakwambia folda iko kwenye faili sistemu ipi. Na --verify inakagua fstab (faili la orodha ya maunti za wakati mashine inawaka) kabla hujarebuti, hii naomba kila admin aizoee, mstari mmoja mbovu mle unaweza kukuachia seva kwenye modi ya dharura na wewe uko mbali. Seva ya NFS (folda za kupitia mtandao) ikifa, df (amri ya kuonyesha nafasi ya diski) inaganda kwa sababu inauliza nafasi ya kila maunti, findmnt ya kawaida inasoma orodha tu (ukiweka -D nayo itauliza nafasi, kuwa makini). Kwenye skripti weka -J upate JSON (muundo ambao programu husoma kirahisi), achana na kukatakata mountinfo kwa awk (amri ya kuchambua maandishi), space kwenye jina inaandikwa \040 na idadi ya safu kabla ya kistari (-) kinachogawa kila mstari inabadilikabadilika.

Udhaifu upo kwenye mashine zenye kontena nyingi mno, maana mountinfo ni maandishi ya kusomwa yote hata kama unataka maunti moja. Linux 6.8 ya Machi 2024 ilileta listmount na statmount, njia mpya za programu kuongea na keneli, unaiuliza keneli maunti moja tu kwa namba ya biti 64 isiyorudiwa, na findmnt kuanzia util-linux 2.41 inaweza kuzitumia ukiweka --kernel=listmount. Mwenye seva za namna hiyo apandishe toleo, wengine mountinfo inawatosha kabisa.