Ruta ya kugawa laini mbili: saiba ya Lamu inunue ipi?

Una Starlink juu ya paa na modemu ya 4G dirishani, na mbele yake seva ya proksi, Squid, inayoziombea kompyuta zote intaneti. Kabla hujatoa pesa, jua jambo hili ambalo mimi nililijua nimeshalipa: proksi huzitoa kompyuta zote kwa anwani moja. Ruta inayogawa kwa kutazama anwani ya anayeomba itaona mashine moja tu, na mzigo wote utaingia laini moja. Wiki nzima taa ya laini yangu ya pili haikupepesa, na watu wa eCitizen, huduma za serikali mtandaoni, wamejaa benchi mpaka barazani. Taka ruta inayotazama na anwani ya kule kunakoendewa.

Kwanza kwangu ni MikroTik hEX (RB750Gr3). Ina matundu matano ya gigabiti, na mtindo wake wa kugawa uitwao PCC hutazama anwani zote mbili pamoja, ya anayeomba na ya anakokwenda, hivyo aliyeingia tovuti ya benki hubaki laini ileile na hatolewi nje katikati ya kazi. Inakubali umeme wa volti 8 hadi 30, kwa hiyo stima ikipotea, betri ya volti 12 inaiendesha. Ila kuipanga si kazi ya mgeni. Kama fundi wako yuko Mokowe, utangoja boti.

Huna fundi karibu? Chukua TP-Link ER605, utaipanga mwenyewe kwenye kivinjari. Nayo huweza kuzishika anwani zote mbili, na kila laini hupewa mzigo kulingana na kasi uliyoiandikia, basi iandike kasi ya kweli.

Ya tatu ni kompyuta kuukuu yenye OPNsense, programu inayoigeuza kuwa ruta. Programu ni bure, lakini inakula umeme, na feni inavuta hewa ya chumvi mchana kutwa.

Ruta ya Peplink naiweka mwisho kwa bei tu. Hizo tatu haziunganishi kasi: faili moja hupita laini moja. Peplink huziunganisha kweli, ila yahitaji Peplink mwenzake upande wa pili wa intaneti. Mwenye kurusha video moja kwa moja ndiye itakayemfaa.

Yoyote utakayochukua, ipange ipime uhai wa laini kwa anwani ya mbali, kama 8.8.8.8 ya Google. Ukiipimia modemu, modemu itaitika hata intaneti ikiwa imekufa.