Nimeinua usukani wa R6 yangu: uzoefu wangu kwenye barabara za Nairobi

Kama unaendesha pikipiki ya mbio hapa Nairobi na viganja vinakufa ganzi kabla hujafika Nyayo Stadium, usidhani ni uzee. Pikipiki hizi zilipimwa kwa mwendo ambao Mombasa Road haikupi. Ukiwa kwenye kasi ya 120, upepo unakusukuma kifuani na kukubebea sehemu ya uzito wa mwili, mikono inapumua. Ukiwa kwenye foleni ya Bellevue, unasonga kidogo kidogo kati ya matatu na malori, upepo haupo na kiwiliwili chote kinashukia viganjani. Nayo Expressway pale juu hairuhusu pikipiki, kwa hivyo sisi tunaotoka Syokimau hatuna pa kukwepea.

Yangu ni Yamaha R6 ya 2008, niliyoinunua ikiwa imetumika. Naipenda mno ile injini na sikuwa na mpango wa kuiuza eti ninunue pikipiki ya kukaa wima. Lakini kidole cha pete na kidole kidogo cha mkono wa kulia vilikuwa vinapoteza hisia hadi nikifika kazini siwezi kushika kalamu vizuri. Mtaalamu wa tiba ya viungo alinieleza kwamba kuna neva inayopita upande huo wa kiganja, na uzito wangu ulikuwa unaibana dhidi ya kishikio. Kama ganzi yako iko kwenye kidole gumba na viwili vinavyofuata, hiyo ni neva nyingine, ile ya katikati ya kifundo, lakini kinachoibana ni uzito uleule.

R6 haina usukani mmoja mrefu kama boda boda. Ina klipuoni, yaani vishikio viwili vifupi, kila kimoja kimefungwa kwenye nguzo yake ya shokomzoba ya mbele. Tena kwenye R6 vimefungwa chini ya lile bamba la juu linaloshika nguzo zote mbili, kwa hivyo huwezi kuchomeka tu spesa, yaani kipande cha kuinulia, ukavipandisha.

Ushauri wa kwanza utakaopewa mjini ni kukata klipuoni na kuchomelea kipande cha bomba kiinuke. Nakuomba usifanye hivyo, hata kama ni bei ya chakula cha mchana. Nyingi ya klipuoni ni aluminiamu, na joto la kuchomelea hulainisha aluminiamu iliyokomazwa kiwandani, palepale karibu na mshono. Siku utakapobana breki kwa ghafla mbele ya matatu iliyosimama bila taarifa, uzito wako wote utakuwa juu ya mshono huo.

Njia ya pili ni klipuoni zilizoinuliwa. HeliBars ya Marekani inatengeneza za namna hii kwa pikipiki nyingi. Zinapanda sentimita chache na kurudi nyuma kidogo, na mara nyingi waya na paipu za asili zinatosha. Niliwahi kuendesha pikipiki ya rafiki yangu aliyefunga hizo, tukashuka naye Magadi. Kwa safari ya wikendi ni nzuri sana na pikipiki inabaki na tabia yake. Kwa foleni ya kila siku niliona bado mgongo umeinama kupita nilivyotaka.

Mimi nikachukua njia ya tatu: kuondoa klipuoni kabisa, kubadilisha bamba la juu, na kufunga usukani mmoja wa bomba. Kampuni za Ujerumani kama LSL na ABM zinauza seti kamili za kazi hii, kila moja ikiwa imeundwa kwa modeli na mwaka maalumu. Ndani ya boksi unapata bamba, usukani, vishikilio vyake na paipu ndefu za breki. Yangu ilifika na cheti cha Kijerumani cha kuonyesha imepimwa kwa pikipiki hiyo. Kwa kweli karatasi hiyo ndiyo iliyonifanya nilipe.

Kazi ilifanyika Industrial Area kwa fundi mzee ninayemwamini. Alipoona boksi alinyamaza, akatoa paipu ya breki kwanza, akaiweka kando ya ile ya zamani na kuniambia, “Kijana wangu, usukani mtu yeyote atakufungia. Hii ndiyo pikipiki.” Nilielewa alichomaanisha kabla jua halijazama.

Swichi ya ufunguo imefungwa chini ya bamba la juu kwa bolti ambazo vichwa vyake huvunjwa makusudi kiwandani ili mwizi asizifungue. Bamba jipya haliwezi kuingia bila kuitoa swichi ile, na spana haina pa kushika. Fundi alichonga alama katikati ya kila bolti, akaingia na drili taratibu, akipaka mafuta na kupuliza vumbi la chuma, hadi vichwa vikaachia. Mtu mwenye haraka angeharibu swichi nzima, na kupata nyingine yenye ufunguo unaosomana na pikipiki yako si mchezo.

Halafu zikaja waya. Waya wa klachi na zile mbili za akselereta lazima zipitishwe upya, zisipindwe kwa kona kali na zisibanwe. Jaribio lake ni rahisi, na usikubali kuondoka gereji bila kulifanya wewe mwenyewe. Washa injini, usiguse akselereta, geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia. Mlio wa injini ukipanda hata kidogo, waya imevutika, na siku moja utapiga kona injini ikijiongeza kasi yenyewe. Yangu ilipanda kidogo upande wa kushoto. Fundi akaifungua tena, akaipitisha mbele ya nguzo badala ya nyuma, mlio ukatulia. Klachi ilihitaji waya mrefu zaidi, nao tuliupata Kirinyaga Road siku iliyofuata.

Upande wa breki aliweka paipu mpya zilizosukwa kwa nyuzi za chuma, washa mpya za shaba kila kiungo, na mafuta mapya ya DOT 4 kutoka chupa iliyofunguliwa mbele yangu. Hilo la chupa msilichukulie kirahisi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani: DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishashiba maji kiwango kinachokubalika ni 155 tu. Kutoa hewa ndani ya paipu za breki kulichukua muda mrefu kuliko kufunga usukani wenyewe. Kiputo kilikuwa kimejificha juu kabisa, pale paipu inapoungana na pampu, hadi alipolegeza kiungo hicho na kukifunika kwa kitambaa ndipo mkono wa breki ukawa mgumu.

Usukani ulikuja mpana, nikamwomba aukate pande zote mbili. Kwa wenzangu mnaopita katikati ya magari, hili ni muhimu kuliko urefu. Upana unakupa nguvu ya kugeuza pikipiki bila jasho, ila vioo vya matatu havina huruma.

Sasa barabarani. Ganzi imeisha. Haikupungua tu, imeisha. Naona juu ya paa za magari madogo, matuta nayapokea kwa viwiko vilivyolegea, na kugeuza pikipiki kwenye kiroundabauti cha mtaani kwetu hakuna tena kupigana nayo. Asubuhi nikifika Westlands nashuka nikiwa na nguvu za kufanya kazi, na hilo kwangu lina thamani kubwa.

Kuna vitu nimepoteza. Pale Kona Baridi, baada ya Kiserian, milima ya Ngong inapoishia na barabara kuanza kuteremka bondeni, upepo ni wa kuendesha mitambo ya umeme, na mitambo yenyewe unaiona juu ya vilima. Zamani niliinama nyuma ya kioo ukapita juu yangu. Sasa unanipiga kifuani, na kwa kuwa usukani ni mrefu, nikiukaza kwa woga pikipiki inayumba. Inabidi kulegeza mikono na kushika tangi kwa magoti. Gurudumu la mbele pia lina uzito mdogo kuliko zamani, kwa hivyo kwenye kona ya kasi halinisemeshi vile lilivyokuwa likinisemesha. Anayekwenda kushindana hapaswi kugusa klipuoni zake.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: vikanyagio vya miguu havijasogea. Miguu bado imekunjwa juu na nyuma huku mgongo umesimama, na uzito uliotoka viganjani umehamia kwenye makalio. Kiti cha R6 hakikutengenezwa kwa hilo.

Seti nzima, pamoja na kuisafirisha, ushuru na VAT ya asilimia 16, ilikaribia shilingi 90,000. Fundi alichukua 8,000 na nikamwongezea, maana alistahili. Sehemu za asili zote nimezifunga kwenye boksi, kwa sababu mnunuzi wa R6 kesho huenda akataka klipuoni zake. Baada ya kilomita 500 nilirudi akakagua bolti zote kwa spana ya kupimia nguvu, hakuna iliyolegea. Kinachofuata ni kwenda kwa mshonaji wa viti pale Ngara aniwekee sponji ngumu zaidi.