Umekatwa pesa na jina usilolijua? Huduma za kutafutia chanzo cha malipo, na ipi inasaidia kweli

Kwa mwenye haraka: kama mstari kwenye taarifa yako ya benki unaanza na PAYPAL, APPLE.COM/BILL au GOOGLE, benki si mahali pa kuanzia. Kampuni hizo tatu zina kurasa zao za kuangalia malipo, na majibu yake mhudumu wa benki hana. Benki inaona jina, tarehe, kiasi na aina ya biashara basi; ulinunua nini haijui. Programu ya benki tunaipa alama za wastani. Tovuti zinazodai zinaweza kufumbua jina lolote la malipo zinashika mkia.

Kabla ya kufungua ukurasa wowote, usome vizuri mstari wenyewe. Jina la muuzaji kwa kawaida lina nafasi 22 hivi tu, herufi, alama na nafasi tupu zikihesabiwa pamoja. Wauzaji wadogo wengi hawana mkataba wao na benki, hivyo pesa hupitia kwa wakala wa malipo, na wakala huyo hujiwekea herufi za mwanzo kisha nyota. Jina la duka hubanwa kwenye nafasi zilizobaki, na likiwa refu hukatwa katikati. Tuseme umekuta hivi: PAYPAL *MWANGAVITA 4029357733. Kabla ya nyota ni njia pesa ilikopitia. Baada ya nyota ndiye aliyelipwa. Zile tarakimu 10 za mwisho, zinazowatisha wengi wakidhani ni akaunti ya mwizi, ni namba ya simu ya PayPal wenyewe kule Marekani, 402-935-7733. Kwa mtindo huohuo, SQ * ni Square, FS * ni FastSpring, na SP mara nyingi ni duka lililojengwa kwa Shopify.

Kama hakuna nyota, mara nyingi kilichoandikwa ni jina la kampuni lililosajiliwa kisheria, ambalo halifanani hata kidogo na jina la duka unalolifahamu. Hapa ndipo hofu nyingi zisizo na msingi zinapozaliwa. Fungua tovuti ulizonunua karibuni, shuka hadi chini kabisa, kisha soma masharti ya matumizi. Jina la kampuni mara nyingi liko pale.

PayPal tunaipa alama za juu, ila ina mtego. Ukiingia kwenye akaunti utaona kila malipo, jina kamili la muuzaji, barua pepe yake na namba ya muamala. Kwenye mipangilio, upande wa malipo, kuna orodha ya malipo ya kujirudia. Pale unamwondoa muuzaji bila kumwomba ruhusa. Dosari ya kwanza: aliyelipa kwa kadi bila kufungua akaunti hataona chochote, itabidi atafute risiti kwenye barua pepe. Vivyo hivyo mwenye akaunti mbili aliyeingia kwenye ile isiyohusika. Mtego wenyewe ni huu: una siku 180 tangu ulipolipa za kufungua mgogoro na muuzaji, lakini ukishaufungua zinabaki siku 20 tu za kuupandisha uwe dai rasmi ambalo PayPal italiamua. Muuzaji mjanja atakuandikia kwa upole, atakuomba subira wiki hadi wiki, siku 20 zitakatika na mgogoro utajifunga. Ukiona anazunguka, upandishe.

Ukurasa wa Apple, reportaproblem.apple.com, ndio bora kuliko yote kwa jambo moja: kisanduku cha kutafutia kinakubali kiasi cha pesa. Andika kiasi kamili kama kilivyo kwenye taarifa ya benki, nacho kitakuonyesha ununuzi uliokizaa. Hili lina maana kubwa kwa sababu Apple hukusanya manunuzi kadhaa na kuyakata kwa mkupuo. Programu uliyonunua, nafasi ya kuhifadhi picha na usajili wa muziki vinaweza kutokea kama mstari mmoja wa APPLE.COM/BILL, kwa jumla isiyolingana na bei ya kitu chochote unachokikumbuka. Ombi la kurejeshewa pesa unalipeleka hapohapo. Kisipopatikana kitu, fikiria mambo mawili: una akaunti nyingine ya Apple ya zamani ambayo bado ina kadi yako, au umewasha ununuzi wa pamoja wa familia. Kwenye mpango huo wa familia kadi ya mwenye kikundi ndiyo inayokatwa, hata kama aliyebonyeza ni mtoto aliyeko chumba cha pili. Mwambie kila mmoja aingie kwenye ukurasa huo kwa akaunti yake.

Google nao wako vizuri, ingawa kutafuta kwao kunachosha zaidi. Malipo yao ya kweli huanza na GOOGLE *, kisha jina la programu au la aliyeitengeneza, na orodha kamili iko payments.google.com. Ukiona GOOGLE *TEMPORARY HOLD, hayo si malipo. Ni pesa zilizoshikiliwa kwa muda kuhakiki kadi, na zitaachiwa. Malipo usiyoyaidhinisha wanataka uyaripoti ndani ya siku 120. Na hili linahusu Google na Apple sawasawa: kufuta programu kwenye simu hakusitishi usajili wake. Unaufuta kwenye orodha ya usajili ya akaunti yako, la sivyo makato yanaendelea.

Paddle wanastahili kuigwa. Wao ndio wauzaji rasmi wa programu za kompyuta kwa niaba ya watengenezaji, na mstari wao huandikwa PADDLE.NET*, yaani anwani ya msaada imo ndani ya jina la malipo. Unaingia paddle.net, unatafuta ununuzi wako, na ombi la kurejeshewa pesa linakwenda kwao. Laiti wengine wangefanya hivyo! Stripe, kwa kulinganisha, wanapitisha malipo ya wauzaji wengi mno, lakini mara nyingi jina lao halionekani kabisa kwa sababu muuzaji hujiandikia lake. Akijiandikia kifupisho cha ajabu, utabaki unakuna kichwa.

Sasa programu za benki. Nembo za rangi na ramani ndogo zinapendeza, ila usiziamini kupita kiasi, kwani mara nyingi ni makisio. Kitu cha maana kimefichwa ndani zaidi: msimbo wa tarakimu 4 unaotaja aina ya biashara. 5815 ni vitabu, filamu na muziki wa kidijitali, 5816 ni michezo, 5817 ni programu, na 5968 ni mauzo ya usajili. Kama programu haiuonyeshi, piga simu benki uombe msimbo huo, swali hilo litakufaa kuliko “hii ni nini?” Ukiambiwa 5968, tafuta kwenye barua pepe, pamoja na folda ya taka, maneno kama “trial” na “renewal”. Mara nyingi utakuta ofa ya majaribio ya bure iliyoisha muda bila kufutwa.

Zile tovuti za kufumbua majina hatuzipendekezi. Nyingi ni maoni ya wageni: mmoja anasema ni wizi, mwingine anasema ni duka la viatu. Zinaweza kukusaidia kujua herufi za kabla ya nyota ni za wakala gani, basi. Hatari yake ni namba za simu za “huduma kwa wateja” zinazobandikwa pale na matapeli, ambao watakuomba namba yote ya kadi au wakwambie uweke programu ya kuendesha simu yako kutoka mbali. Kutafuta muamala, tarakimu 4 za mwisho za kadi, tarehe na kiasi zinatosha. Anayetaka zaidi ya hapo, mkatie simu.

Kiasi nacho hudanganya. Muamala wa fedha za kigeni ukiwa bado unasubiri hukadiriwa kwa kiwango cha siku ile. Ukikamilika siku kadhaa baadaye, kiwango kimebadilika na kiasi nacho. Ukitafuta risiti, tumia kiasi cha fedha ya asili, na ruhusu tofauti ya siku 3 hivi kwenye tarehe. Ada ya muamala wa nje huweza kuja kama mstari wa pili, hata pale bei ilipoandikwa kwa fedha yako, kwa sababu benki nyingi hutazama muuzaji amesajiliwa nchi gani. Halafu kuna vijisenti. Kiasi kidogo kinachosubiri kisha kikatoweka ni uhakiki wa kadi. Kiasi kidogo kilichokamilika, kutoka kwa muuzaji usiyewahi kumsikia, ni jambo jingine: wezi hujaribu kadi kwa pesa ndogo kabla ya kupiga kubwa. Hapo funga kadi kwanza, maswali baadaye.

Ukifika benki, chagua aina ya malalamiko kwa uangalifu. Kusema hukuidhinisha muamala ni kuripoti wizi, na kadi yako itafungwa. Kama ulijiunga mwenyewe na unachodai ni kwamba walikukata baada ya kufuta, huo ni mgogoro, si wizi. Wape ushahidi wa tarehe uliyofuta. Ukidanganya, muuzaji ataleta kumbukumbu za kuingia kwako na utashindwa. Wala usidhani kadi mpya itazima usajili: Visa na Mastercard zina huduma zinazompelekea muuzaji namba mpya ya kadi iliyobadilishwa. Muda wa kupinga kwenye mitandao hiyo mara nyingi ni siku 120, lakini benki yako inaweza kukupa mchache zaidi, kwa hiyo uliza siku hiyohiyo.

Muuzaji akisema amesharudisha pesa na wewe huzioni, mwombe namba ya rejea ya muamala iitwayo ARN, yenye tarakimu 23. Kwa namba hiyo benki yako inaweza kufuatilia pesa hizo ziko wapi. Akikwepa kuitoa, kuna uwezekano mkubwa hajarudisha kitu.