Huduma ya kukusanya bunduki za raia, New Orleans 2005: nyota moja, na hiyo ni ya jaji

Wadau hii huduma ni ya kitambo ila kila msimu wa vimbunga watu wanaiongelea, ngoja na mimi niipe maksi zake.

Kimbunga Katrina kilipiga New Orleans, Marekani, 29 Agosti 2005, kuta za kuzuia maji zikabomoka, kama asilimia 80 ya mji ikazama, umeme hakuna, namba ya dharura haishiki, uporaji ushaanza. Hapo hapo Septemba 8 mkuu wa polisi Eddie Compass anatangaza silaha ni za askari tu, raia wote wananyang'anywa. Yaani hujaagiza ila inakuja mpaka mlangoni. Kastama kea sasa! Kuna bibi aligoma kuhama, askari wa barabarani kutoka California wakamrukia ndani kwake wakamwangusha chini kisa bastola ya kizamani, na kamera za tivii zinarekodi.

Kinachoniudhi zaidi, walinzi wa kampuni binafsi waliokodiwa na wafanyabiashara na matajiri waliachiwa bunduki zao. Kumbe inategemea nani anakulipa.

Mi si mtu wa bunduki kabisa, na naelewa askari aliye gizani kwenye maji hataki kukutana na mtu kashika shotgani. Sawa chukua, lakini andika basi! Sisi tulioimbiwa "ukinunua dai risiti" tunashangaa Marekani nzima hiyo wanabeba mali ya mtu na wengi hawakupewa hata kikaratasi.

Kurudishiwa ndo usiseme. NRA na Second Amendment Foundation, vyama vya kutetea haki ya kumiliki bunduki, wakaenda kortini, jaji Jay Zainey akapiga stop huo unyang'anyi Septemba 23, uongozi wa mji ukakana eti hawajachukua kitu, halafu Machi 2006 bunduki zaidi ya 1,000 zikaonekana stoo. Ukiifuata yako unaambiwa leta uthibitisho ni ya kwako, na makaratasi yalishaenda na mafuriko, we fikiria mwenyewe. Kesi imekuja kuisha 2008 huko.

Ningeongeza nyota kama ile sheria ya shirikisho ya Oktoba 2006 ingekuwepo mapema. Hairuhusu maafisa kunyang'anya silaha halali wakati wa dharura, ila ukitaka kupanda boti ya uokoaji wanaweza kukuambia uikabidhi kwanza, mkifika salama unapewa yako unaondoka nayo.