Mlima Meru kwa njia ya Momella: vibanda vizuri, ratiba ya kukimbizana

Wengi huupanda Meru kujipasha misuli kabla ya Kilimanjaro. Huko ni kuupunja mlima. Kilele chake kina mita 4,566, na usiku wa kukiendea ni mgumu kuliko matangazo ya safari yanavyosema: giza, mwamba wa kushikia kwa mikono, kisha ukingo wenye kreta (shimo la volkano) upande mmoja.

Safari huanzia lango la Momella, mita kama 1,500, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hupandi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, na sababu kubwa ni nyati. Huduma hii ina thamani yake, ila inategemea nidhamu yako pia. Usibaki nyuma kupiga picha. Nyati dume aliyejitenga na kundi hulala kichakani bila kutoa sauti, na akishtushwa kwa karibu hushambulia badala ya kukimbia. Siku ya kwanza kuna njia fupi na njia ndefu. Panda kwa ndefu, inayopita chini ya mti wa mtini uliotoboka kama lango la nyumba, fupi uiache kwa kushukia. Mbega na twiga huonekana sana upande huu.

Vibanda viwili, Miriakamba (mita 2,514) na Saddle (mita 3,570), vina vitanda vya ghorofa na magodoro, kwa hiyo mzigo wa hema unaubakiza mjini. Mablanketi usiyategemee. Mfuko wa kulalia uwe wa kuhimili baridi ya nyuzi sifuri au chini yake.

Tatizo ni mwinuko. Kanuni ya matabibu wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kutoka Miriakamba hadi Saddle ni mita 1,056 kwa siku moja, na hakuna kibanda katikati. Ndiyo maana kichwa huuma na tumbo hukataa chakula usiku ule ule unaotakiwa kuamka saa saba kwenda kileleni. Anayetoka Dar es Salaam, Tanga au Mombasa alale Arusha angalau siku mbili kwanza, kwa kuwa mji uko mita kama 1,400. Mchana wa siku ya pili, hata ukiwa umechoka, panda Meru Ndogo, kilele kidogo kilicho jirani na Saddle (mita 3,820), taratibu kisha urudi kulala Saddle. Kupanda juu na kulala chini husaidia mwili kuzoea hewa nyembamba. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kuhema akiwa amekaa na kukohoa povu, hashauriwi kupumzika: anashushwa hapo hapo, hata kama ni usiku.

Kutoka Saddle hadi Rhino Point, kituo cha njiani kuelekea kileleni, ni kama saa moja. Hapo fimbo za kutembelea zinafungwa kwenye begi kwa sababu mikono inahitajika mwambani. Mvua ikiwa imenyesha au barafu imeganda, jiwe linateleza, na askari au mwongozaji akisema turudi, mrudi bila ubishi. Kuanzia hapo kuna majivu ya volkano, hatua mbili mbele na moja nyuma. Geita za kuziba kati ya kiatu na suruali huzuia changarawe. Beba lita tatu za maji, chupa ikiwa kichwa chini, kwani barafu huanza kuganda juu na mdomo ukiwa chini utabaki wazi. Mrija wa kunyonyea maji kutoka mfuko wa begini huganda mapema. Betri za akiba za tochi ya kichwani zikae mfuko wa ndani, baridi huzimaliza haraka. Fulana ya pamba iache: ikilowa jasho haikauki, na upepo wa ukingoni unaugeuza unyevu huo kuwa hatari.

Kukikucha, Kilimanjaro inasimama mashariki juu ya mawingu, na chini ya miguu yako koni ya majivu imekaa katikati ya kreta. Kwa mandhari, ukingo huu tunauweka juu ya njia nyingi za Kilimanjaro yenyewe.

Kasoro kubwa ni ratiba ya siku tatu. Inakutaka upande karibu mita 1,000 usiku, kisha ushuke zaidi ya mita 3,000 hadi langoni siku hiyo hiyo. Magoti hulegea, na vifundo huteguka kwenye ngazi za chini ya Saddle, si juu mwambani. Lipia siku ya nne, ulale tena Miriakamba. Raia wa Afrika Mashariki hulipa viwango vya chini kuliko wageni wengine, hivyo nenda na kitambulisho. Epuka masika, Machi hadi Mei. Juni hadi Oktoba ni kukavu zaidi, na Januari na Februari nayo hufaa.