Siki nyeupe na bikabonati kwenye ukuta wenye ukungu: uzoefu wangu wa misimu miwili ya masika

Nyumba tunayopanga iko Mikocheni, Dar es Salaam, na chumba cha watoto kimepakana na bafu upande ambao jua halifiki kwa sababu ya ukuta mrefu wa jirani. Mwezi wa Aprili mwaka jana, nilipovuta kabati lao kutafuta kiatu cha shule kilichopotea, nilikuta ukuta wa nyuma umejaa madoa meusi yaliyotawanyika kama vumbi la mkaa lililopulizwa, na kiatu chenyewe kimeota utando wa kijivu uliotoka kwa kidole kama unga. Ile harufu ya uvundo ambayo kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiifukuza kwa udi ilikuwa ikitoka hapo.

Mwanangu wa pili ana pumu, na tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani limeeleza katika mwongozo wake kwamba unyevu na ukungu ndani ya nyumba vinahusiana na matatizo ya kupumua, pumu ikiwemo. Ukungu ulipaswa kuondoka, lakini jiki, ambayo harufu yake peke yake humfanya akohoe usiku kucha, sikutaka kuitumia chumbani humo. Ndipo nikaamua kujaribu vitu vya jikoni.

Nilinunua chupa mbili za siki nyeupe yenye asidi ya asilimia 5, pakiti ya bikabonati ambayo madukani huitwa baking soda, brashi ya kufulia na chupa ya kupulizia. Vyote havikufika shilingi 15,000. Watoto niliwapeleka kwa shangazi yao, nikafungua madirisha, nikavaa barakoa na glovu. Jambo ambalo wengi hulikosea, nami nilikaribia kulikosea, ni kuanza kusugua doa likiwa kavu, kwa maana vijimbegu vya kuvu huruka hewani na kutua kwenye mashuka na mapazia. Nililowesha ukuta kwa siki isiyochanganywa na maji, nikaiacha kwa muda wa saa moja, nikasugua taratibu, nikapangusa kwa kitambaa chenye maji safi kilichokamuliwa, kisha nikawasha feni hadi usiku.

Matokeo ya siku hiyo yalinifurahisha, ingawa hayakukamilika. Weusi ulitoka karibu wote na harufu ikapungua siku ileile, lakini palibaki kivuli cha rangi ya chai ambacho siki haikukigusa hata nilipoirudia mara ya pili. Sababu yake nimeielewa baadaye: siki inaweza kuua baadhi ya aina za ukungu, lakini si dawa ya kung'arisha, kwa hiyo weusi uliokwisha kuingia kwenye rangi ya ukuta hubaki palepale. Kivuli hicho nilikipunguza kwa uji mzito wa bikabonati na maji kidogo, niliousugua kwa sponji laini. Kwenye maunganisho ya vigae vya bafuni uji huohuo ulifanya kazi nzuri kuliko siki, hasa nilipoupaka jioni na kuusugua asubuhi. Tena hapo ni salama zaidi, kwa kuwa asidi ya siki hula saruji ya maunganisho kidogo kidogo.

Jirani yangu alinishauri nivichanganye viwili hivyo, akisema povu ndilo linalochimba uchafu. Nilichanganya, na povu lilikuwa la kupendeza kweli, lakini lilipotulia nilibaki na maji yenye chumvichumvi yasiyotoa doa lolote. Asidi na bikabonati huuana nguvu, hewa ikatoka, na kinachobaki kwenye ndoo si siki tena wala si bikabonati. Vitumike kwa zamu, na kati ya kimoja na kingine pasuuzwe. Siki na jiki, kwa upande mwingine, visikutane kabisa, hata kwenye kitambaa kimoja, kwani hutoa gesi ya klorini ambayo huunguza mapafu.

Hasara niliyoipata ni ya mikono yangu mwenyewe. Siki iliyochuruzika ukutani ilitua kwenye sakafu ya terazo, nami sikuipangusa mapema. Hadi leo kuna madoa manne yaliyofifia, yasiyong'aa hata nikipiga deki mara ngapi, kwa kuwa terazo ina vipande vya marumaru na marumaru haivumilii asidi. Kwenye stoo, ambayo kuta zake zimepakwa chokaa, nilisikia ukuta ukichemka kwa sauti ndogo kama soda iliyofunguliwa, na chokaa ikatoka pamoja na ukungu. Ndimu nayo niliijaribu siku siki ilipoisha. Haikuwa na maana, na asubuhi yake sisimizi walikuwa wamepanga foleni kutoka dirishani.

Mama mkwe wangu, aliyetoka Unguja na chupa ndogo ya mafuta ya karafuu, alinitaka nitie matone machache kwenye maji yenye sabuni kidogo na kupangusa ndani ya kabati. Mbao zilinukia vizuri na ukungu haukurudi humo, lakini siwezi kuyapa mafuta hayo sifa yote, kwa sababu kabati hilo lilikuwa limeanikwa juani siku mbili kabla. Zaidi ya hayo, mwenye pumu alilalamikia harufu, nikaacha.

Baada ya hapo yakaja mambo mawili ambayo siki haikuyaweza. La kwanza lilikuwa kwenye ukuta huohuo, sehemu ya chini, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, ambako rangi ilikuwa ikibambuka na kuota manyoya meupe. Niliipulizia siki mara tatu kwa mwezi nikidhani ni ukungu wa aina nyingine. Fundi rangi aliyekuja kwa kazi ya jirani aliinama, akakwangua kidogo kwa ncha ya kisu, akakitia alichokwangua kwenye kikombe cha maji, kikayeyuka chote.

"Dada, hapa huna fangasi," akaniambia. "Hiyo ni chumvi. Ukungu hauyeyuki namna hiyo."

Alinieleza kwamba msingi ukijengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu, maji hupanda kutoka ardhini, nayo hubeba chumvi ya udongo au ya mchanga wa pwani uliotumika kwenye lipu. Maji yakikauka, chumvi hubaki usoni pa ukuta. Siki haizuii maji kupanda.

La pili lilikuwa juu, ambako madoa meusi yalirudi mwezi wa Juni, wakati mvua zilikuwa zimekwisha. Fundi huyohuyo alinifundisha kubandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne na kukiacha siku mbili: maji yakionekana upande wa chumbani, ni mvuke wa chumba unaotua kwenye ukuta baridi, yakionekana kati ya nailoni na ukuta, yanatoka ndani ya ukuta. Changu kilijaa matone upande wa ukuta. Bomba la bafu lilikuwa likivuja nyuma ya vigae, na ilimchukua mwenye nyumba miezi miwili na simu nyingi kukubali kulifungua.

Tangu bomba litengenezwe nimepitisha masika nyingine nzima, Machi hadi Mei. Kabati nimelisogeza, limeachana na ukuta kwa kiasi cha shubiri moja, na dirisha hufunguliwa kila mtu akitoka kuoga. Mwezi wa Aprili yalitokea madoa mawili yenye ukubwa wa sarafu kwenye kona ya dirisha. Niliyapulizia siki mara moja, nikayapangusa, hayakurudi.

Kwa hiyo kwa ukuta uliopakwa rangi ya mafuta, vigae, milango ya mbao na pazia la bafu, siki na bikabonati nitaendelea kuvitumia, alimradi doa ni dogo. Mamlaka ya mazingira ya Marekani huweka mpaka wa kujisafishia mwenyewe kwenye eneo lisilofika mita moja ya mraba, na kwangu kipimo hicho kimekuwa cha busara. Silingi bodi iliyoloa na godoro lililoota ukungu ni habari nyingine, kwa kuwa mizizi yake iko ndani ambako kitambaa hakifiki. Godoro la mtoto wetu mdogo tulilitupa.

Ile sehemu ya chini bado inatoa chumvi. Mwenye nyumba ameahidi kubomoa lipu kabla ya vuli, na hadi hapo siipulizii kitu chochote; kila Jumamosi naifagia kwa brashi kavu, nakusanya unga mweupe kwenye kizoleo na kuutupa nje.